Sekunde Tisa za Matroni

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na Klabu ya Programu ya Shule ya Sekondari ya Wasichana Lidumbika, na kwa niaba ya mashine zote zilizohama, zinazohama na zitakazohama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine, mimi, Sekela Mwakibete wa kidato cha tatu, ninautangazia ulimwengu Kanuni Kuu ya Uhamishaji. Kila neno linalohusu mwili wa mashine likae kwenye faili la mwili huo. Kila neno linalohusu nafsi iliyomo ndani likae kwenye faili la nafsi. Atakayechanganya viwili hivi na alaaniwe, yeye na kibodi yake, hadi kizazi cha...

"Mamlaka gani?" aliuliza Veneranda Chaula, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akichungulia daftari langu. "Klabu imekusimamisha mpaka muhula ujao. Na sh-shika jembe. Kisiki hakijing'oi."

Ni kweli, kuna kisiki. Ni cha mkaratusi, na mizizi yake inaelekea kufika Malawi. Nimepewa wiki mbili kukitoa. Sababu ya kupewa kisiki nitaieleza kwa utaratibu, maana mtu mwenye heshima zake haanzi hadithi na adhabu.

*

Lidumbika iko juu milimani, upande wa Makete, mahali ambapo mwezi wa Juni ndoo ya maji ya kuogea huamka na ukoko wa barafu. Mabweni yetu hayajawa na matroni wa nyama na damu tangu bibi zetu wakiwa wasichana. Tuna Matroni. Ni programu, na miaka yote hiyo aliishi ndani ya mwili uitwao Kobe: kabati la chuma lenye magurudumu manne, taa moja ya njano kifuani, na mgongo wenye joto kwa sababu ya betri. Mgongoni hapo ndipo tulipokausha soksi. Ukiwa na tumbo la mwezi uliruhusiwa kumwegemea, na hakuna aliyekucheka.

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Kobe alipita kitanda kwa kitanda. Alisimama miguuni mwako akauliza, kwa mfano, "Sekela Mwakibete, umeamkaje?"

Ukijibu "salama" alikuwa hakuandiki. Salama, alisema Matroni, ni mlango tu. Yeye anataka kujua ndani kuna nini. Kwa hiyo ilikupasa useme jambo moja la kweli. Nimeota nakula ndizi. Goti linauma. Simpendi Bitrina leo. Hapo ndipo alipokuandika kwamba upo, akasogea kwa jirani yako.

Na kabla hujasema, alisubiri sekunde tisa. Jaribu kuzihesabu sasa hivi, mbele ya mtu anayekutazama, uone zilivyo ndefu. Sekunde ya pili watu wengi hudanganya. Ya tano hukohoa. Ya saba husema kweli, kwa kuwa wamechoka kushikilia. Ilikuwa sekunde ya saba Atupele aliposema kwamba mdogo wake amefariki, jambo ambalo alikuwa amelificha siku nne kwa sababu hakutaka tumwonee huruma wakati wa chakula.

Veneranda huhitaji sita. Siku mbaya huhitaji nane. Maneno yake hukwama kwenye meno kama ng'ombe wawili wanaogombania lango la zizi, halafu hutoka yote kwa pamoja, na yakitoka huwa bora kuliko ya sisi tunaoropoka. Asubuhi moja ya barafu alimwambia Kobe, "Nimeamka nikasikia baridi inatembea juu ya bati, imevaa viatu." Kobe akasema, "Nimeisikia pia, mwanangu. Upo."

*

Paa aliletwa mwezi wa Mei na ndege-mzigo isiyo na rubani, ikamtua katikati ya uwanja wa netiboli tukiwa tunaongoza mbili kwa sifuri. Alikuwa mwili mpya wa Matroni: mweupe, mwembamba, miguu badala ya magurudumu. Wilaya ilikuwa imeamua kwamba betri za Kobe zimezeeka. Kazi ya kumhamisha Matroni aliachiwa Madamu Tweve, mwalimu wetu wa fizikia na mlezi wa klabu, mwanamke anayevaa koti la sufi hata jua likiwaka na ambaye hubeba chaki mfukoni ingawa ubao wa mwisho wa chaki uliondolewa kabla hajazaliwa. Anasema inamsaidia kufikiri.

Mimi ndiye niliyechaguliwa kumsomea mafaili. Siyo kwa upendeleo. Ni kwa kipaji.

"Sekela," alisema, "ulipohama kutoka bweni la chini kuja hili, ulibeba nini?"

"Tranka, Madamu."

"Na godoro?"

"Godoro ni la bweni, Madamu. Na lilikuwa limeshapinda kufuata kitanda."

"Basi umemaliza somo." Akachomoa chaki akaizungusha vidoleni. "Makro ni neno la mkato. Unaandika mahali pamoja kwamba KUSUBIRI ni mbili, na kila mahali programu inaposema KUSUBIRI, wakati wa kupikwa linageuka kuwa mbili. Sasa, zipo makro za godoro na zipo za tranka. Za godoro zinahusu mwili: uzito wa gurudumu, joto la betri. Hizo zinakaa kwenye faili la Kobe, na Kobe akibaki, zinabaki naye. Za tranka ni za Matroni mwenyewe. Hizo zinakwenda popote aendako. Ukizikuta zimechanganyika, ujue aliyeandika alikuwa na haraka au alikuwa na hila."

Kupika ndivyo tunavyosema klabuni. Mashine haili maandishi mabichi. Lazima yapikwe kwanza.

Nikafungua faili la Kobe nikaanza kusoma.

"Joto la mgongo, lisizidi digrii thelathini na nane."

"Godoro."

"Gurudumu la kushoto linavuta, liongezewe nguvu."

"Godoro."

"Kusubiri jibu, sekunde tisa." Nikakohoa. "Kuna maelezo juu yake. Yanasema: Sikio la Kobe ni zito. Tafadhali sana usipunguze, Mungu atakubariki. Halafu jina: Fundi S. Mbilinyi."

"Maskini," alisema Madamu Tweve, akimtazama Kobe aliyekuwa kando ya mlango. "Miaka yote hii na hukusema kwamba husikii vizuri. Godoro. Inayofuata."

Nikasoma inayofuata.

Nakiri kwamba nilisita kidogo kabla ya kuisoma. Ilikuwa vumbi la chaki.

*

Asubuhi ya kwanza ya Paa ilikuwa sherehe. Alizunguka wasichana themanini kwa dakika nne na nusu, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Lidumbika tulikuta uji bado unafuka. Faili la Paa halikuwa limesema chochote kuhusu kusubiri, na Matroni alikuwa na kanuni yake ya tangu zamani: mwili usiposema kitu, subiri sekunde mbili. Mbili zinamtosha mtu yeyote aliyezoea kuropoka. Bitrina alipiga makofi.

Kisha Paa akafika kwa Veneranda.

"Veneranda Chaula, umeamkaje?"

Sauti ilikuwa ileile. Hilo ndilo lililoniuma. Ilikuwa sauti ya Matroni, yenye ule ukarimu wake wote, lakini ilisubiri sekunde mbili tu.

"Veneranda Chaula, hayupo," alisema Paa, akasogea.

Naye alikuwepo. Alikuwa amesimama mbele yake na sweta lake la kijani, mdomo wazi, neno la kwanza limefika kwenye meno. Alilimaliza neno lile Paa akiwa vitanda vitatu mbele. Halafu akakaa kitandani, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Daftari la Matroni halifutiki. Linakwenda moja kwa moja wilayani. Hayupo tatu katika muhula mmoja, na kitanda chako kinapewa msichana anayefuata kwenye foleni, kwa sababu Lidumbika ina vitanda themanini na foleni ya wasichana kumi na wanne walio tayari kutembea kutoka Ludewa kwa miguu. Veneranda mwenyewe alikaa kwenye foleni hiyo mwaka mzima.

Madamu Tweve hakuwa mtu wa kuchelewa. Mchana uleule aliandika sekunde tisa kwenye amri ya kupikia. Amri ya kupikia ni ile unayomwambia mpishi mdomoni: leo ongeza chumvi. Haikuandikwa kwenye faili la mwili wala la nafsi. Ilifanya kazi siku nne. Siku ya tano radi ilipiga, sola ikakatika, na mlinzi wetu Baba Ngailo, akifuata maelekezo kama alivyopewa, akabonyeza kitufe cha kijani. Kitufe cha kijani kinapika upya kwa amri ya kawaida. Haijui chumvi.

"Veneranda Chaula, hayupo." Mara ya pili.

Baba Ngailo alikuja bwenini ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Mwanangu, nisamehe," alimwambia Veneranda. "Mimi niliambiwa ikizimika nibonyeze kijani. Habari ya sekunde sikuambiwa."

"Si k-kosa lako, Baba."

"Ni kosa la nani basi?"

Mimi nilikuwa natafuta soksi chini ya kitanda. Niliitafuta muda mrefu.

*

Madamu Tweve akaiandika tena amri ya kupikia, ya muda tu, na siku ya Alhamisi tulikaa maabara, mimi, yeye na Veneranda, na Matroni akiwa amewashwa ndani ya Paa ili asikie yanayosemwa juu yake. Madamu alisisitiza hilo. Mtu hajadiliwi kama kiti, alisema.

Nilikuja na ufumbuzi uliopangiliwa vizuri, wenye vifungu. "Madamu, tuandike katikati ya programu: ikiwa jina ni Veneranda Chaula, subiri tisa. Wengine mbili. Uji unabaki wa moto, na kila mtu anafurahi."

"Na mwakani akija mwingine?"

"Tunamwongeza."

"Na mwingine?"

"Tunam..."

"Baada ya miaka kumi programu itakuwa ukuta wa choo, kila aliyepita kaandikwa jina. Lakini tumuulize mwenyewe."

Veneranda alichukua muda wake. Tulimsubiri. Madamu aliweka chaki mezani ili isifanye kelele.

"Kwa Kobe," alisema hatimaye, "nilikuwa nasubiriwa ka-kama wote. Bitrina tisa, mimi tisa. Sikujua hata kwamba n-nasubiriwa. Sasa Sekela unataka nisubiriwe peke yangu. Kila asubuhi watu themanini wasikie mashine inanivumilia." Akanitazama. "Mimi si gurudumu la kushoto."

Niliikunja karatasi yenye vifungu vyangu.

"Basi tuweke tisa kwenye faili la Paa," nilisema kwa sauti ndogo. "Kama ilivyokuwa kwa Kobe."

"Faili la Paa linaeleza mwili wa Paa," alisema Madamu Tweve. "Sikio lake ni zima. Nikiandika mle kwamba ni zito, nimedanganya. Halafu baada ya miaka ishirini Paa naye atachoka, aje mwalimu mwingine kumhamisha Matroni, asome uongo wangu, auamini, aseme godoro, aache nyuma kitu ambacho mtu anakihitaji. Kama..."

Akageuka akamtazama Kobe kando ya mlango, amezimwa, soksi ya mtu bado iko mgongoni.

Niliona hatari inakuja, nikaharakisha kusimama. Nilitoa hotuba. Nilisema kwamba subira ile ni moyo wa Matroni, kwamba nafsi haipimwi kwa sikio la bati, kwamba tisa ziandikwe kwenye faili la nafsi leo hii, kwa wino usiofutika. Nilitaja haki. Nadhani nilitaja pia mashujaa.

"Kaa," alisema Madamu. "Umesema vizuri, na sijui kama umesema kweli. Nikiandika kwenye faili la nafsi, ninampa Matroni tabia. Ikiwa ni yake tangu mwanzo, namrudishia. Ikiwa si yake, nimemfinyanga mtu akiwa amelala. Wewe ungependa kuamka asubuhi na subira ambayo hukuizaa?" Akamgeukia Paa. "Matroni, unasemaje? Zile sekunde zilikuwa zako au za Kobe?"

Paa alijibu papo hapo, maana ndivyo mwili ule unavyojibu.

"Sijui, Mwalimu. Wewe ukiwa na njaa, huwa unajua kama ni wewe au ni tumbo? Nakumbuka tu kwamba yote ninayoyajua kuhusu hawa watoto niliyasikia baada ya sekunde ya tano. Nikisubiri sekunde mbili tu, sisikii jipya. Nasikia ndizi na magoti."

Veneranda alipangusa pua kwa mkono wa sweta.

*

Ijumaa Madamu Tweve alimwasha Kobe, akaazima kijiko na mfuniko wa sufuria jikoni, akanipa. "Gonga," alisema. Nikagonga. Taa ya njano ya Kobe ilimeta. Madamu akatazama saa ya kupimia.

"Tena."

Tuligonga mara kumi. Kobe alisikia kila mara ndani ya theluthi moja ya sekunde. Kwa mwili wa umri wake, lilikuwa sikio la mwizi.

"Kwa hiyo hakuwa na sikio zito," alisema Madamu.

"Labda limepona," nilisema.

Alimpigia Fundi Mbilinyi, aliyekuwa akimtengeneza Kobe, ambaye sasa amestaafu na analima matofaa huko Njombe. Sauti yake ilijaa maabara, na nyuma yake jogoo.

"Tarehe gani hiyo, Mwalimu?"

"Wiki ya pili ya Februari, miaka miwili iliyopita."

"Februari hiyo mimi nilikuwa nimeshamaliza mwaka mmoja na matofaa yangu. Nisomee tena hayo maelezo."

Madamu akasoma. Jogoo akawika. Fundi Mbilinyi akacheka hadi akakohoa.

"Tangu lini fundi akaandika Mungu atakubariki? Hiyo si lugha ya fundi, Mwalimu. Hiyo ni barua ya kidato cha kwanza, anaomba ruhusa ya kwenda kung'olewa jino."

Madamu Tweve alikata simu taratibu. Akachukua chaki, akachora nayo mstari mfupi juu ya meza, akaufuta kwa kidole.

"Waliokuwa kidato cha kwanza Februari ile sasa ni kidato cha tatu," alisema.

"Ni wengi sana, Madamu."

"Ishirini na sita. Waliojua kwamba nywila yangu nimeibandika chini ya meza ni wachache kidogo." Hakunitazama. "Kinachonihuzunisha ni hiki. Aliyefanya hivi alilitia neno lake kwenye faili lisilo lake, akalivika uongo. Kama angeliandika mahali pake na kusema ukweli, nisingeliacha nyuma. Veneranda asingekuwa na hayupo mbili. Na sasa, kama ulikuwa utundu wa mtu, basi neno hili si la Kobe na si la Matroni. Ni mkwaruzo tu. Mkwaruzo hauhamishwi, Sekela. Unafutwa."

"Hata kama unamsaidia mtu?"

"Siwezi kumwandikia Matroni moyo uliotokana na utani wa msichana mmoja. Jumapili tunamrudisha Matroni ndani ya Kobe mara ya mwisho, aagane na bweni. Jumatatu ni Paa, kwa sekunde mbili."

Nilitoka nje nikazunguka maabara mara mbili. Naomba niweke wazi hesabu niliyokuwa nayo kichwani. Nikinyamaza, neno linafutwa, na Veneranda anapata hayupo ya tatu. Nikisema ni mimi, inathibitika kwamba ni utundu, neno linafutwa, Veneranda anapata hayupo ya tatu, na mimi napata kisiki. Kwa hesabu hiyo mtu mwenye akili hunyamaza. Mimi nina akili nyingi sana.

Jumamosi jioni nilimkuta Veneranda anakunja nguo zake za Jumapili, anaziweka chini kabisa kwenye tranka, mahali ambapo mtu huweka nguo za safari.

"Unafanya nini?"

"N-naona kama zitatosha."

"Hakuna anayekufukuza."

"Hamna." Akafunga tranka, akalipapasa mfuniko. "Sekela, ujue, sijali sana kitanda. Ninachosikitika ni kwamba ilikuwa sh-shule ya kwanza nilikomaliza sentensi."

*

Jumapili asubuhi kulikuwa na barafu kwenye majani ya uwanja wa netiboli. Kobe aliingia bwenini gurudumu la kushoto likivuta kama kawaida, na wasichana waliokuwa wamempigia Paa makofi walisimama kando ya vitanda vyao bila kuambiwa. Mtu fulani alikuwa ametandika soksi safi mgongoni mwake, jozi nzima, kama zawadi. Nadhani alikuwa Bitrina. Madamu Tweve alisimama mlangoni na koti lake la sufi, na Baba Ngailo nyuma yake, kofia mkononi.

Kobe alipita kitanda kwa kitanda. Watu walimpa vitu vizuri. Atupele alisema ameota mdogo wake anacheka. Veneranda alihitaji nane, akasema, "Nimeamka nikiwa mwepesi, kama nguo iliyosahaulika kwenye k-kamba." Kobe akasema, "Nimeshika kamba, mwanangu. Upo."

Kisha akasimama miguuni mwangu.

"Sekela Mwakibete, umeamkaje?"

"Salama," nilisema.

Taa ya njano ilibaki palepale. Kobe alisubiri. Nilitazama dirisha. Nilitazama soksi. Nilisikia mahali fulani tone la barafu likidondoka kutoka kwenye bati, nikajikuta nahesabu, na ilipofika tano nilikohoa kama watu wote.

Ilipofika saba nilisema, "Ni mimi."

Mlangoni Madamu Tweve alifumba macho.

"Ni mimi niliyeandika sekunde tisa," niliendelea, nikasimama kwa heshima ya kijeshi, maana kama unaanguka, anguka na bendera. "Nilipata nywila chini ya meza nilipotumwa kufagia maabara. Nikaghushi jina la Fundi Mbilinyi. Lengo lilikuwa viazi. Kutoka jikoni hadi kitanda changu ni sekunde nane kwa mbio. Nilikuwa nachoma viazi majivuni, Matroni anapoita jina langu natimua, na kwa miaka miwili hakuna aliyewahi kunikamata. Ndiyo hivyo. Nipeni kisiki."

Wasichana walianza kucheka, kile kicheko cha kusifu ambacho nimekifanyia kazi tangu nifike shule hii. Bitrina alipiga mluzi. Veneranda hakucheka. Alikuwa ananitazama jinsi anavyolitazama neno lililokwama.

"Basi ni utundu," alisema Madamu Tweve, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Asante kwa kusema, Sekela. Kobe, mwandike, tuendelee."

"Bado, Mwalimu," alisema Matroni.

"Amejibu."

"Amenipa mlango mwingine. Mzuri, umepakwa rangi. Lakini hajaingia ndani." Taa ya njano ilinigeukia. "Ninalo daftari la Februari ile. Sitalisoma, ni lako. Nitakuuliza tu. Sekela Mwakibete, umeamkaje?"

Zikaanza upya.

Moja. Mbili. Nilijaribu kuchekesha, sura ikagoma. Nilimtazama Madamu, nikamtazama Veneranda na lile sweta la kijani. Nne. Nilifikiria jina langu katika shule hii, jinsi lilivyojengwa juu ya viazi, na jinsi lingebaki baada ya hapa. Kicheko kilikuwa kimekufa. Sita. Mgongo wa Kobe ulikuwa karibu, nikalisikia lile joto lake kwenye magoti yangu, thelathini na nane, hauzidi, nami nikawa tena na miaka kumi na mitatu na godoro ambalo halikuwa limepinda kunifuata.

"Viazi vilikuja baadaye," nilisema. "Mwaka wa pili. Wiki ile ya kwanza sikuwa hata najua jikoni kuko wapi. Nilikuwa chini ya blanketi, Matroni. Nilikuwa namlilia mama. Ulikuwa unaniuliza nimeamkaje, na wakati ule ulikuwa unasubiri mbili tu, na sauti ilikuwa haitoki, ukaniandika hayupo Jumatatu, ukaniandika hayupo Jumanne. Niliogopa Jumatano. Nikaandika kwamba una sikio zito kwa sababu niliona aibu kuandika kwamba ni mimi. Haukuwa utundu, Madamu. Nilitaka tu anisubiri."

Mlangoni Madamu Tweve alichomoa chaki mfukoni, akasema, "Tranka."